Nguzo ya Mbele ya Kinyozi

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiye na umeme ni mtu aliyeshika mkasi na kuomba radhi. Watu wanadhani kazi hii iko mikononi, kumbe iko kwenye soketi. Niliwahi kumwacha bwana mmoja na kichwa nusu, upande mmoja unang'aa kama yai, upande wa pili nywele zimesimama zinashangaa, kwa sababu umeme ulikatika tukiwa katikati. Aliketi kwenye kiti changu akasoma gazeti la zamani mpaka akakariri matangazo ya vifo. Mwishowe akavaa kofia na kuondoka. Hajarudi mpaka leo, na simlaumu.

Lakini ninayotaka kuwasimulia si habari ya vichwa. Ni habari ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Chaja. Mimi namwita Shemeji, naye ananiita Shemeji, na kwa kuwa hatuna siku tusiyotaniana, mgeni akitukuta hawezi kujua nani anamsema nani. Anakaa chumba cha juu ya duka langu. Ngazi zake ni za chuma, ziko nje, na akishuka asubuhi najua kwa mlio wa viatu kama ameamka vizuri au ameamkia upande mbaya.

Nyuma ya duka kuna chumba cha mama yangu mzazi. Mama alifanya kazi kiwanda cha magodoro tangu usichana wake, akapumua vumbi la pamba mpaka mapafu yakasema basi. Sasa anapumua kwa msaada wa mashine inayokaa sakafuni pembeni mwa kitanda. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, kisha inampelekea oksijeni kwa mrija mwembamba unaoishia puani. Mashine hiyo inaunguruma kutwa kucha. Nikiwa nanyoa, sikio moja linasikiliza mteja na la pili linasikiliza ukuta wa nyuma. Umeme ukikatika, mashine yangu na mashine yake zinanyamaza kwa pamoja. Tuna mtungi wa akiba, lakini mtungi ni wa kuvushia tu, si wa kuishia.

Siku moja, kabla ya haya yote, umeme ulikatika asubuhi na haukurudi. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja ya shirika la umeme. Sauti ya dada mmoja ikaniambia kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha wakaniwekea muziki. Niliusikia muziki ule kiasi kwamba mpaka leo nikiusikia mahali napandwa na hasira. Mtungi ulikuwa ukingoni mwa kwisha, Mama ameketi wima na midomo imebadilika rangi, na Shemeji amesimama upande wa miguuni mwa kitanda amemshika mguu. Sijui kwa nini mguu, labda ndio uliokuwa karibu. Umeme ukarudi. Baadaye tukaambiwa kwamba mafundi walikuwa garini mtaa wa pili muda wote ule, wanasubiri kuambiwa waende wapi.

Wakati huo Shemeji alikuwa anauza simu kwenye duka lenye vioo na kiyoyozi. Alikuwa na ulimi wa kumuuzia kiziwi redio. Lakini ile habari ya mafundi kukaa garini ilimkaa rohoni. Haukupita mwezi akaacha duka la vioo, akaenda kufanya kazi kwenye ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya kuandikia, meza tatu na feni moja inayogeuka ikipenda. Dada yake akamwambia amerukwa na akili. Yeye akasema, "Dada, wale watu walikuwa mtaa wa pili."

Kazi yenyewe alinieleza huku namnyoa mteja, tena mteja naye akawa anaitikia kama anafundishwa yeye. Simu ikiwa kwenye chaji inajua kwamba inapata umeme. Umeme ukikatika, inajua. Ofisi yao ilikuwa imetengeneza programu ndogo ya kuweka kwenye simu. Chaji ikikatika, programu inatuma habari kimyakimya, na kwenye ramani ya ofisi inaonekana ni sehemu gani. Simu moja haina maana, mtu anaweza kuwa ameichomoa aende zake. Simu nyingi za mahali pamoja zikikatikiwa kwa pamoja, hapo giza limeingia kweli, na gari la mafundi linatumwa bila mtu kupiga simu wala kusikiliza muziki.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema mteja.

"Wewe tulia, huna chawa," nikamwambia.

Programu ilikuwepo, ramani ilikuwepo, gari lilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kukubali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Shemeji: kutafuta ni kitu gani kitamfanya mtu mwenye shughuli zake akubali simu yake iseme na watu asiowajua. Alianzia dukani kwangu, maana kwa kinyozi watu wameshakubali kushikwa kichwa. Nikadhani itakuwa rahisi.

Mteja wa kwanza akauliza, "Sasa mke wangu akija kuwauliza jana nilikuwa wapi?"

"Hatujui ulikuwa wapi," Shemeji akamjibu. "Hatuchukui jina, hatuoni nyumba. Ramani inaonyesha nguzo ya umeme iliyo karibu tu."

"Na ile nguzo ikimwambia?"

Duka zima likacheka, lakini hakuna aliyetoa simu. Mama wa genge, anayeuza nyanya na vitunguu ng'ambo ya barabara, alisema simu yake inakula chaji ya kutosha bila kuongezewa mgeni. Mwingine akasema watu wakishajua una umeme watakuja kuchaji kwako. Shemeji aliwasikiliza wote bila kuwadharau. Nampenda kwa hilo. Mimi ningewafukuza kabla ya sentensi ya pili.

Mkono mtupu haulambwi, ofisini wakakubaliana. Wakaamua kutoa bando la intaneti: kila umeme utakapokatika na simu yako ikatoa habari, unaletewa bando. Hapo mambo yakabadilika. Waliokuwa na siri wakasahau siri zao. Mama wa genge akaweka programu, akamwekea na mumewe. Kwenye mtaa wetu karibu kila nyumba iliingia, na Shemeji akawa anapanda zile ngazi za chuma anaimba.

Sasa niwatambulishe kwa Refa. Refa ni fundi viatu, anafanya kazi kwenye kichochoro kati ya duka langu na nyumba inayofuata, ambamo amepanga chumba, chini kabisa ya dirisha la Mama. Zamani alichezesha mpira wa vijana, na kipenga chake hakijawahi kumtoka shingoni. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Chanzo ni gundi. Gundi ya viatu ina harufu kali, na ile harufu ilikuwa inaingia dirishani kwa mtu asiye na mapafu ya kuchezea. Nilimwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti. Akanijibu kwamba kichochoro si cha baba yangu. Tangu siku hiyo akahamia kunyolewa mtaa mwingine, na walimnyoa vibaya, jambo lililonifariji.

Jumamosi moja mchana nikasikia kipenga. Nikajua ni mpira. Nikatupa jicho nje, nikaona mikono inaingia ndani ya madirisha mtaa mzima, halafu watu wametoka vibarazani wameshika viuno wanatazama upande wa barabara kuu. Baada ya muda si mrefu likaja gari la mafundi na ngazi juu. Fundi mmoja akashuka, akatazama nguzo, akatazama taa ya duka langu inayowaka, akasogea mlangoni.

"Hapa umeme umekatika?"

"Wewe unaniona nanyoa kwa kitu gani," nikamwambia, "kwa maombi?"

Akaondoka anakuna kichwa. Punde simu za mtaa mzima zikaanza kulia vijisauti vya furaha. Bando limeingia. Ndipo nikaelewa: Refa alikuwa amewapanga. Kipenga kikilia, kila mtu anazima swichi ya ukutani yenye chaja, kwa pamoja, halafu wanasubiri. Mtaa wetu haujawahi kuelewana hata juu ya siku ya kufagia mtaro, lakini siku ile walikuwa timu moja.

Wakarudia wiki iliyofuata. Mara ya tatu alikuja Injinia mwenyewe, mkuu wa yale magari. Ni mtu mrefu, mpole, mikono ya shati imekunjwa vizuri. Hakugomba. Aliomba kuketi kwenye kiti changu kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, akamwambia Shemeji, aliyekuwa ameshuka kumpokea, akiwa ametazama kioo.

"Dada, gari langu lilipokuwa hapa, kulikuwa na zahanati iko gizani kweli upande wa pili. Sitaki kukuonea, najua nia yako. Lakini nikiitwa bure tena, naizima ramani hii. Tutarudi kwenye kupigiwa simu."

Kupigiwa simu maana yake ni ule muziki. Mimi nilisikia ukuta wa nyuma unaunguruma, nikajua kinachozungumzwa pale si bando. Injinia alipoondoka, Shemeji alikwenda kukaa kwenye ngazi zake, ngazi ya chini kabisa. Nikamfuata na kikombe cha chai.

"Asante ya punda mateke," nikamwambia. "Umewafanyia wema, ona sasa. Yule Refa mimi nitamnyoa bila maji."

"Hapana, Shemeji," akasema. "Hawana kosa hao. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba kila giza lina zawadi yake. Ulitaka wafanyeje, wakae wanaombea mwanga?"

Sikupenda jibu lile, maana nilikuwa nimejiandaa kuwachukia watu. Lakini ukilitafuna unaona lina ukweli. Aliyeweka zawadi kwenye kukatika kwa umeme alikuwa amemlipa kila mtu ili umeme ukatike. Habari zikasambaa haraka. Mtaa wa pili nao walikuwa wameshanunua kipenga. Walipoona wenzao wananyolewa, wakatia maji vichwa vyao na kukificha kipenga chao.

Siku chache baadaye Shemeji alirudi mapema kazini, hakupanda juu, akapita moja kwa moja chumbani kwa Mama. Nikamfuata na wembe mkononi. Alikuwa ametazama ramani za zile siku tatu za kipenga. Kipenga kilipolia, simu zote za nguzo ya mbele ya duka langu zilizimika kwa pamoja kama taa za sherehe, isipokuwa moja. Moja iligoma. Mara zote tatu, hiyohiyo moja.

"Mama," akamwuliza, "kipenga kilipolia hukuzima swichi?"

Mama anaongea kwa vipande, kwa sababu pumzi haimtoshi kwa sentensi ndefu. "Nizime nife?" akasema.

Simu ya Mama iko kwenye soketi moja na mashine yake. Ukizima ya simu, umezima na ya pumzi. Akaendelea, "Refa aligonga dirisha. Akanikumbusha. Nikamwambia akazime ya kwao."

Shemeji akacheka, halafu akabaki anaitazama ile simu kama mtu aliyeona sarafu mchangani. "Haisogei," akasema. "Iko hapohapo siku zote."

"Kama mimi," akasema Mama.

Hapo ndipo kazi yake ilipopata miguu. Aliona kwamba amekuwa akiwaomba watu simu wanazotembea nazo, zenye siri zao, zenye safari zao, zenye wake na waume ndani yake. Kumbe alichohitaji ni simu isiyokwenda popote. Na kila nyumba inayo. Fungua droo ya nyumba yoyote utaikuta, kioo kimepasuka, betri imevimba, iko pamoja na funguo zisizojulikana ni za wapi. Hakuna anayeitupa. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia ndani kuna picha.

Basi akaenda ofisini, akawashawishi, akamtafuta na fundi simu mwenye mikono myepesi. Zawadi mpya ikawa hivi: leta simu yako ya zamani, itawekewa betri mpya na kufufuliwa, picha zako zitakuwa zako, sharti lake ikae nyumbani kwenye chaji. Giza liingie lisiingie, umeshapata chako. Hakuna tena faida ya kupiga kipenga. Na kila simu itakapokuwa imesaidia, itapokea ujumbe mmoja mfupi wa asante.

Nilikuwepo mama wa genge alipofufuliwa simu yake. Alikuwa amekuja anabishana kama kawaida, kwamba betri ni ndogo, kwamba fundi kijana mno. Kioo kikawaka. Kulikuwa na picha ya mwanawe wa kwanza akiwa mchanga, amefungwa taulo, anapiga chafya. Mwanawe huyo sasa ni baba mtu. Yule mama alifunga mdomo, na mimi simfahamu akiwa amefunga mdomo. Akakaa juu ya ndoo yangu ya maji akitazama picha moja baada ya nyingine, nyanya zake hazina mwenyewe ng'ambo ya barabara. Mwanamume mmoja alikuta sauti ya baba yake aliyefariki ikimkumbusha anunue mkate. Shemeji hakuwa amewapa watu kitu kigeni, alikuwa amewarudishia chao, na walimshukuru kuliko walivyowahi kushukuru bando.

Zile asante za simu nazo zikawa mchezo wa mtaa. Ujumbe ulikuwa mfupi tu: nguzo fulani, umeme umerudi, asante kwa kukaa. Mtu mzima na ndevu zake anakuja kuketi kwenye kiti changu, ananionyesha. "Mimi nimepata mbili mwezi huu. Wewe?" Shemeji aliniambia kwamba alifikiria betri ndiyo itawavuta, ikawavuta kweli, lakini kinachowafanya wasichomoe ni lile neno moja.

Sasa kinyozi hajinyoi. Nguzo za mitaa mingine zilijaa, na Injinia akaanza kuziamini. Nguzo yetu sisi, ya mbele ya duka langu, ikawa ndiyo yenye pengo. Injinia alikuwa ameweka sharti kwamba nguzo haisikilizwi mpaka simu za nyumba za kutosha zikubaliane, tena nyumba moja simu moja, kwa sababu simu lukuki ndani ya nyumba moja zinaweza kuzimwa na mkono mmoja. Baada ya aibu ya kipenga watu wa upande wetu walikuwa wanamkwepa Shemeji. Alipita mlango kwa mlango akawarudisha mmoja mmoja, mpaka ikabaki nyumba moja tu kutimiza idadi. Hiyo moja haikupatikana. Mmoja amehama, mwingine hana droo, mwingine anasema atafikiria. Refa alipoulizwa alisema, "Mimi sina simu ya zamani. Hata mpya yangu ni ya zamani."

Shemeji alibandika karatasi ya maelezo kwenye mlango wangu kwa mtu wa nyumba isiyoingia bado atakayeona haya kumfuata: nyumba moja simu moja, fanya hivi, kisha hivi, iache kwenye chaji. Karatasi ikakaa pale ikapauka. Mimi usiku nilikuwa nikiwaza kwamba gari litakwenda kwa kila mtu isipokuwa kwa mama wa huyu aliyeanzisha, maana sisi humwita Mama, na yeye Shemeji humwita Mama, na ni mama yake kama alivyo wangu.

Kisha asubuhi moja nikasikia zile ngazi za chuma zinalia vibaya. Akaingia dukani na kiatu kimoja.

"Imetimia," akasema.

"Nani?"

"Sijui. Hakuja kuchukua betri wala chochote. Amefuata ile karatasi, basi."

"Tafuta ujue."

"Shemeji, niliwaambia watu kwamba hatuoni nyumba. Nikianza kutafuta, nitakuwa mwongo." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavaa kiatu cha pili alichokuwa amekishika. "Nimepiga hesabu zote za zawadi. Huyu mtu hakutaka zawadi. Sijui alitaka nini."

Haikupita hata wiki mbili. Mchana, jua kali, nina kijana kwenye kiti anayejiandaa kwenda kwenye usaili wa kazi kesho yake. Mke wangu alikuwa ameondoka na mtungi wa akiba kwenda kuujaza, nao huko walimwambia asubiri. Mashine yangu ikafa mkononi. Nyuma ya ukuta ikasikika ile ya Mama, ikatoa mlio mrefu wa kulalamika, halafu kimya. Nimeshasikia vishindo vingi maishani, lakini kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko vyote.

Nikakimbia. Mama alikuwa ameketi wima, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Nikampigia mke wangu, hakupokea. Nikapiga ile namba ya huduma, nikajua ninachofanya ni upuuzi, na muziki ukaanza. Nikageuka nikamwona Refa mlangoni. Alikuwa ameshaliondoa kopo lake la gundi chini ya dirisha na kulipeleka mbali, na mkononi ana kifuniko cha boksi la viatu. Hakunisemesha. Akafungua dirisha lote, akapiga goti kando ya kitanda, akaanza kumpepea Mama polepole. Yule kijana wa usaili, kichwa nusu, akashikilia mlango usijifunge. Mimi nilisimama na simu sikioni nikisikiliza muziki, sina la kufanya.

Mama akasema, "Zima hiyo."

Nikaizima, na katika ule ukimya nikasikia gari. Nilitoka mbio. Fundi alikuwa ameshaegemeza ngazi kwenye nguzo, nguzo ya mbele ya duka langu, anapanda. Fyuzi ya transfoma ilikuwa imeungua. Nikamwuliza mwenzake aliyebaki chini nani amewaita.

"Hakuna aliyepiga," akasema. "Nguzo yenu imeita."

Nilirudi ndani. Tukasubiri. Mabega ya Mama yalikuwa yanachoka, macho yake yamenikazia mimi. Refa hakuacha kupepea, jasho linamtoka. Kisha mashine ikatoa mlio, ikakohoa, ikaanza kunguruma. Nilimwekea Mama mrija vizuri. Alivuta, akavuta tena, rangi ikaanza kurudi kidogo kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kamalize kichwa cha huyo mtoto wa watu."

Simu yangu ikaita. Ni Shemeji, kutoka ofisini.

"Shemeji, imewaka?"

"Imewaka."

"Mama?"

"Anatoa amri."

Akalia. Alikuwa ameona nguzo yetu ikigeuka nyekundu kwenye ramani na alijua mtungi haupo nyumbani. Na mimi nililia, pale mbele ya mteja, wala sioni haya kulisema. Mke wangu aliporudi na mtungi umejaa alitukuta tumeketi kama watu waliotoka msibani, kumbe hatujafiwa. Refa alikuwa ameshaondoka.

Jioni simu ya Mama ikapata ujumbe wake. Nguzo ya mbele ya kinyozi: umeme umerudi. Asante kwa kukaa. Akamwita Shemeji, akamwambia amwonyeshe ile simu ya mwisho, ile iliyotimiza idadi, ni ya nani. Anataka kumshukuru mwenyewe kabla hajafa.

"Mama, siwezi," Shemeji akasema. "Ramani ina nguzo tu. Hata ningeweza, niliahidi."

Nilidhani Mama atakasirika, maana hakataliwi ovyo. Alikaa akipumua. Kisha akanitazama mimi. "Basi shukuru wote," akasema. "Wakipita kwako."

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Shemeji bado anakaa juu ya duka langu, bado anashuka zile ngazi kwa kelele, bado ananitania kwamba naanza kupata upara, kinyozi mzima. Anaitwa mitaa ya mbali sasa kueleza namna ya kuwafanya watu wakubali, na nimemsikia akianza kila mara kwa kusimulia kosa lake la bando na kipenga, kwa furaha. Namshukuru yeye kila siku, kwa mdomo na moyoni, kwa kuacha duka la vioo, kwa kumshika mama yangu mguu. Yeye namjua, kwa hiyo ni rahisi. Wengine ndio kazi. Kila anayeketi kwenye kiti changu, mama wa genge akimleta mjukuu, yule bwana aliyemhofia mkewe, mpangaji mpya nisiyemfahamu, nikimaliza namfuta shingo na kumwambia asante, na ninaposema hivyo namaanisha.

Juzi akaja Refa. Miaka miwili hajaketi kwenye kiti changu. Gundi yake siku hizi anaipakia mwisho wa kichochoro, hakuna aliyemwambia. Akasimama akiitazama ile karatasi iliyopauka, akaingia, akaketi, kipenga kifuani. Nikamfunga kitambaa. Nikaanza kurekebisha waliyoharibu wale wa mtaa mwingine, na muda wote nyuma ya ukuta mashine ya Mama inanguruma. Nilitaka sana kumwuliza juu ya ile simu ya mwisho. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamfuta nywele shingoni, nikasema, "Asante."

Akanitazama kwenye kioo. "Ya nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Inamisha kichwa."